Aliyekuwa Ndani ya Mtungi

Siku mtungi ule uliposhushwa Clairwood bado naiona mbele yangu, mwanangu, hata harufu yake naisikia. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Mimi ni msichana wa Tanga, nimefika Durban nikiwa na nguvu nyingi na Kiingereza kidogo, na kazi niliyoipata ni kwenye ghala la bosi mmoja kule Clairwood, aliyeagiza samani za kikale kutoka Asia: milango ya kuchonga, vigoda, masanduku, mikeka. Nilikuwa nikivifuta vumbi na kuvipaka mafuta kabla havijaenda dukani. Msimamizi wetu alikuwa Papa Kalala, mzee wa Kikongo aliyekimbia vita kwao. Tulikaa jengo moja kule Albert Park, yeye ghorofa ya chini, basi asubuhi tulitoka pamoja kama baba na binti.

Tulipolifungua kontena lile, harufu ya moshi ilitupiga usoni. Si moshi wa jikoni. Ni moshi mzito, wa msitu mzima ulioungua, umejipenyeza mpaka kwenye nyuzi za mikeka. Redioni tulikuwa tumesikia kwamba huko Borneo misitu inawaka na watu wanatembea mchana wamejifunga vitambaa puani, lakini nani angedhani moshi wa Borneo utamfuata mtu mpaka Clairwood?

Mtungi ulitoka mwisho. Ulinifika kiunoni, rangi ya asali iliyoungua, umezungushiwa majoka yanayofukuzana, na mfuniko wake umegandishwa kwa utomvu mweusi wa mti. Bosi aliupenda pale pale. "Msiufungue," alituambia. "Mfuniko ukivunjika hautanunulika." Tukauweka kando ya ukuta.

Kwanza waliondoka paka. Ghala lilikuwa na paka wa kukamata panya, na hawakuwa waoga. Walilala hata chini ya malori. Lakini upande ule wa mtungi waliacha kupita. Walifika kwenye kona, wakasimama, wakageuka. Halafu ukaanza mvumo. Nilipokuwa nikifuta vumbi nilisikia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Papa Kalala alisema ni mtikisiko wa malori barabarani, na mimi nikakubali, kwa kuwa nilitaka kukubali. Ila Jumapili moja tulikwenda kumalizia kazi, barabara haina gari hata moja, jua la adhuhuri limejaa mlangoni, na mvumo ulikuwepo.

Nilikuwa nimepiga magoti nikisugua jicho la joka moja. Nikaitwa.

"Mwanaidi."

Sauti ya bikizee, taratibu, kama mtu anayekuomba umpitishie kitu. Haikutoka nyuma yangu wala mlangoni. Nilikwishafungua mdomo kuitika abee, kama nilivyolelewa, na kiganja cha Papa Kalala kikanifunika kinywa. Alikuwa amesimama karibu, uso umembadilika. Naye alikuwa amesikia.

"Usiitike," alisema. "Mutu akikuita na humuoni, weye nyamaza. Hujui anakuitia nini. Ukishaitika, umekubali."

"Papa, ni nini mle?"

"Sijui. Lakini ile si ya kupaka mafuta tena. Toka hapo."

Nilipotaka kubishana alinikazia macho vile ambavyo hakuwahi kunikazia. "Wewe binti unajua kusafisha vitu. Umekwisha kuuliza hata siku moja vimetoka kwa nani?" Sikuwa nimeuliza. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Siku chache baadaye alikuja kijana mmoja kutafuta kibarua. Jina lake Jalung, baharia. Meli yao ilikuwa imekwama bandarini ikingoja kipuri, na mabaharia walikuwa wamechoka kukaa bure. Papa Kalala akamruhusu abebe mbao. Alibeba mpaka mchana, akapita kwenye ile kona, na mbao zikamdondoka.

Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akanyoosha mkono, akagusa mkwaruzo mmoja chini ya shingo ya mtungi, akaanza kusema nao kwa lugha yao, kwa adabu, kama unavyomwamkia mkubwa wako. Mvumo ukakatika. Kimya kilichofuata, mwanangu, kilinitisha kuliko mvumo wenyewe.

"Nani ameufungua?" aliuliza. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuokoteza, tukaelewana.

"Hakuna."

Akashusha pumzi. "Basi bibi yangu bado yumo."

Ndipo akatueleza, na sisi tumeketi kwenye masanduku hatuna hamu ya chakula. Kwao ni kijiji cha Wadayak huko Borneo, mbali sana juu ya mto. Barabara hakuna. Unakwenda kwa mtumbwi mrefu, na penye maporomoko wanaume wanashuka majini na kuuvuta kwa kamba, huku wanawake wanapita kando juu ya mawe na mizigo mgongoni. Kuna mwamba mmoja ambao wote wanaupita kimya. Na ndege fulani akikatisha mbele yao upande mbaya, wanarudi nyumbani, safari inaanza upya kesho yake. Kijiji chenyewe ni nyumba moja ndefu juu ya nguzo, kila jamaa na mlango wake, baraza moja la wote. Mti wa matunda aliopanda babu ni wa wajukuu wake wote. Hata aliyehamia mbali, msimu ukifika, ana haki ya kuja kuokota. Na mitungi ya kale ndiyo mali kubwa kuliko zote. Ina majina. Inarithiwa, na hakuna ndugu mmoja anayeweza kuiuza peke yake.

"Watu wetu wengi siku hizi wanakwenda kanisani," alisema Jalung. "Bibi alikuwa wa mwisho wa mambo ya zamani. Aliomba akifa alazwe humu, kama mama yake alivyolazwa. Tukamweka kwenye kibanda cha mbao ngumu ng'ambo ya mto, kinatazamana na ngazi ya nyumba yetu. Tulikuwa tunangoja mavuno mazuri ndipo tumfanyie karamu na kumpumzisha."

Nikauliza, kwa ujinga wa ujana, "Sasa nani amemwiba?"

Jalung aligeukia vitu vya ghalani. Alikuwa anatazama mikeka, vigoda, milango, anavitazama kimoja kimoja. "Ule mlango ni wa mjomba wangu," alisema. "Dada, kile kibanda kinaonekana kutoka nyumbani. Hata angebaki kizee mmoja tu barazani, asingekubali mtungi huu upite. Umefika hapa. Maana yake kule hakuna mtu."

Alikuwa baharini tangu kabla ya moto. Hakuwa na habari yoyote ya kwao. Habari ndiyo ile, imefika imefunikwa kwa utomvu.

Bosi alikuja mchana ule ule na drili mkononi. Mama mmoja wa Queensburgh alikuwa ameutaka mtungi kwa maua ya barazani, na maua yanahitaji matundu ya kutolea maji. Papa Kalala akasimama mbele yake.

"Patron, hapana. Iko mutu mule ndani."

"Eish, Kalala, nawe!" Bosi alicheka. Jalung akamweleza, akamsihi, akasema yuko tayari kumfanyia kazi mpaka meli itakapoondoka. Bosi akasema amenunua kihalali, hadithi za kijijini hazimhusu. Akapiga magoti, akaulaza mtungi ubavuni. Tulisikia kitu kikigongana ndani, kikavu, chepesi. Jalung akaficha uso.

Bosi akaiweka ncha ya drili kwenye kitako. Kabla hajaiwasha, akainua kichwa.

"Nani ameniita?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amemwita.

"Nimeuliza, nani ameniita jina hilo?"

Mimi sikusikia kitu, naapa. Papa Kalala naye hakusikia. Lakini bosi alisikiliza tena, shingo imepinda, na nikamwona mtu mzima yule, mwenye sauti ya kutisha wafanyakazi, akikunja mabega kama mtoto anayesubiri kuchapwa. Mdomo ukaanza kumfunguka. Papa Kalala akamrukia, akamtikisa. "Usiitike, patron! Usiitike!"

Drili ilianguka. Bosi alirudi nyuma kwa mikono na magoti mpaka akakutana na ukuta wa pili. Hakutuambia ni jina gani, wala sauti ya nani. Alichosema ni hiki: "Utoeni. Leo. Sitaki kujua unakwenda wapi."

Tuliusimamisha. Jalung alimwomba bibi yake radhi, tukaufunga kwa mkeka wa kwao, tukaupeleka bandarini kwa pikapu. Papa Kalala alikaa nyuma ameukumbatia njia nzima. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akimfikiria mama yake, aliyemzika upesi upesi kando ya barabara, akikimbia.

Meli iliondoka. Sikutegemea kusikia zaidi, lakini mwaka uliofuata simu ya ghalani ililia, naye ni Jalung. Nyumba ndefu iliungua nusu. Moshi uliwafukuza watu wote, wakashuka mtoni, na walanguzi wakaingia kuokota walichoacha. Watoto wawili wa mjomba wake walikufa kwa kifua. Jalung alimkuta mama yake hai, kwenye kambi chini ya mto. Wakaupanda mto wote pamoja na mtungi, wakamzika bibi ardhini kwa karamu ya wali kidogo na samaki. "Siku ile," aliniambia, "wazee waliamua kujenga tena."

Basi, mwanangu, sikukatazi kupenda kitu kizuri. Ukikiona kinauzwa, uliza kimetoka nyumba ya nani, na mwenyewe yuko wapi. Kama muuzaji hana jibu, kiache hapo hapo, hata kama moyo unakiomba. Ukiitwa na usiyemwona, nyamaza mpaka umjue. Na akija mgeni akaketi sakafuni mbele ya kitu ambacho wewe unakiona ni takataka, usimcheke. Kaa karibu naye usikilize, kama Papa Kalala alivyokaa.

Mungu akupe nyumba yenye watu ndani yake, mwanangu. Akukutanishe na wako ungali hai, na siku yako ikifika, ulale panapojulikana.