Nilivyomnyima Mdogo Wangu Usingizi

Wajukuu zangu wakiweka picha za mapigano nakaa nao vizuri tu, nachambua mchele wangu, sisemi neno. Tabu huanza anapotokea mtoto mchanga. Siku hizi naona imekuwa mtindo: jitu la miraba minne linapigana na watu kumi, mkono wa kulia ngumi, mkono wa kushoto kichanga ndani ya blanketi, na kichanga chenyewe kinacheka. Hapo mimi siangalii tena ngumi. Naangalia shingo ya mtoto. "Shika kichwa!" napiga kelele. "Shika kichwa, mwendawazimu wewe!" Wajukuu huangua kicheko, husema bibi anagombana na televisheni. Waache wacheke. Hawajui ugomvi huo niliuanza lini.

Niliuanza nikiwa na miaka tisa hivi, kwetu upande wa Kishapu, miaka ya hamsini, lambo letu la maji likiwa bado jipya na watu wakiligombea. Baba alikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu, na nyumbani tulimwona mara moja kwa mwaka. Tuliobaki tulikuwa wanne: bibi mzaa baba, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti, mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume wa miezi sita. Kabla ya huyo mama alikuwa amezika wawili, wote wakiwa bado wa kunyonya. Kwa hiyo huyu alitazamwa kama yai.

Na yai hilo nilipewa mimi. Mama alikwenda shamba la pamba alfajiri, na kulea ilikuwa kazi ya binti mkubwa wa nyumba, hata kama binti mkubwa mwenyewe bado anang'oka meno. Asubuhi mama alinifunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, na kuanzia hapo nilichota naye maji, nikapeta naye mtama, nikaruka naye kamba. Mama alimchukua kumnyonyesha tu, kisha akanirudishia. Nilimpenda sana. Nilijivuna naye pia, na kujivuna ndiko kulikoniponza.

Jumamosi moja gari la sinema lilifika kwenye ghala la kununulia pamba. Waliziba madirisha kwa magunia, kukawa giza mchana kweupe, wakatundika shuka ukutani. Mkalimani alisimama kando na kipaza sauti, akitueleza kwa Kisukuma. Kwanza tulionyeshwa jinsi ya kuchimba choo, watu wakapiga miayo. Kisha ikaja hadithi. Mzungu mmoja mwenye kofia pana alikuwa na mtoto mchanga mkononi, na watu wabaya walimfuata ndani ya kinu cha unga. Aliwapiga mmoja mmoja kwa mkono mmoja. Akizunguka, mtoto anazunguka naye. Akiruka kutoka ghorofani, mtoto naye yumo. Wanaume walishangilia mpaka vumbi la pamba likatimka.

Wanawake hawakushangilia. Walikuwa wakigombana na mkalimani.

"Mama wa mtoto huyu yuko wapi?"

"Amekufa, tulieni!"

"Tangu ameanza kupigana mtoto hajanyonya!"

Mkalimani akapaza sauti zaidi. Mimi wakati huo niliwaona wale kina mama ni washamba tu. Nilikuwa nimesimama nyuma na mdogo wangu mgongoni, moyo unanidunda kwa furaha, nikiwaza kwamba yule bwana ana mkono mmoja tu wa kupigania, ilhali mimi mbeleko inaniachia yote miwili.

Wiki iliyofuata wasichana tulicheza picha ile lamboni. Wenzangu walifunga magunzi ya mahindi kwa vitambaa wakayaita watoto. Mimi nilikuwa na mtoto wa kweli, basi nikawa ndiye bwana wa kofia, hakuna aliyebisha. Siku ya pili au ya tatu binti wa jirani, aliyenizidi mwaka mmoja na nguvu za mikono, alilisogeza debe langu akaweka lake mbele yangu kwenye foleni ya maji. Nikamwambia aliondoe. Akacheka.

"Na huo mzigo mgongoni utanifanya nini?"

Mtu mzima angemeza mate. Mimi nilimpiga kofi. Akanirudishia. Wasichana wakafanya duara, wakaanza kuimba, na nilipoziona nyuso zao nikasahau debe, nikasahau foleni, nikataka kuzunguka kama yule bwana alivyozunguka. Nikazunguka. Mwenzangu alikuwa ameinua debe lake tupu kujikinga, na kichwa cha mdogo wangu kikagonga pembe ya lile debe.

Wimbo ulikatika. Mtoto hakulia. Nilimvuta mbele nikamwona ametoa macho, mdomo wazi, hana sauti, na mimi nikawa nasubiri sauti hiyo huku mkojo ukinitiririka miguuni. Ndiyo, nilijikojolea, sioni haya kusema. Kisha akalia. Nyuma ya sikio la kushoto palivimba kama punje ya karanga. Wasichana wote, pamoja na yule niliyepigana naye, walilamba udongo kuapa kwamba hawatasema.

Siri ingeweza kuishia pale. Lakini njiani kurudi mtoto alianza kusinzia, na hapo nikakumbuka jambo lililonigandisha. Mwaka uliotangulia jirani yetu mmoja alipigwa teke la kichwa na maksai. Wazee waliagiza kwamba asiachwe alale, kwani aliyepigwa kichwani akilala haamki. Mkewe alimsimamia, akamwimbia, akamwagia maji. Kisha mwenyewe akapitiwa na usingizi, na asubuhi mumewe alikuwa wa baridi. Nilikwenda msibani. Nilimsikia yule mama akilia, "Nimemuua kwa kulala."

Nikamfinya mdogo wangu paja. Akashtuka, akafumbua macho. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Mchana kutwa nilizunguka naye uani. Akilegea namtekenya nyayo kwa bua la nyasi. Nilimtikisia kibuyu chenye mbegu. Nilimpaka maji ya mtungini kwenye kope. Nilimwimbia nyimbo zote nilizozijua, na zilipokwisha nikaimba majina ya ng'ombe. Usiku alilala na mama, na mimi ngozi yangu ya kulalia ilikuwa karibu nao. Nilinyoosha mkono gizani nikamfinya kidole cha mguu kila nilipoona ametulia sana. Mama aliamka, akamnyonyesha, akalalamika, akalala. Mimi sikulala. Nilikuwa nasikiliza pumzi, na kila ilipochelewa kidogo nilimfinya tena.

Alfajiri alikuwa hai. Mtu mwenye akili angeshukuru Mungu akamwacha alale. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuniambia ni mpaka lini. Yule jirani alilala usiku wa kwanza akafa. Lakini je, kama angelala usiku wa tatu, angepona? Nisingeweza kumwuliza mtu bila kuulizwa kwa nini nauliza. Nikaendelea.

Siku ya tatu mtoto hakuwa mtoto tena. Alilia mpaka sauti ikakauka, akawa anakoroma tu kama jogoo mgonjwa. Titi alilishika, akaliachia, akatapika. Macho yalizama. Mama alimpapasa utosi kila alipotoka shamba, na nilimwona midomo ikimcheza, maana hivyo hivyo ndivyo walivyoanza wale wawili. Hakuniuliza kitu. Kuniuliza nini? Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mtoto kutwa bila kumweka chini, mpaka bibi akanisifu mbele ya wageni kwamba nina moyo wa kulea.

Bibi ndiye aliyetia kidole kinywani mwa mtoto, akachungulia, akatoa hukumu. "Kimeo kimeshuka. Ndicho kinachomkaba. Aitwe fundi."

Kwa asiyejua, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kinywa. Kwetu mtoto akilia sana, akikohoa, akikataa titi, kilisingiziwa kimeo, na kulikuwa na mafundi wa kukikata. Wengine walipona. Mtoto wa upande wa pili wa lambo alikatwa, damu ikakataa kusimama, na jioni ile ile alizikwa. Fundi alitumiwa ujumbe, akajibu kwamba atakuja kesho.

Sasa nilikuwa kati ya moto na moto. Nikimwacha alale, atakufa. Nisipomwacha, atakatwa. Nilijaribu kusali sala niliyofundishwa na watoto wa misheni, lakini sikuijua mwisho wake, nikaogopa kwamba sala nusu inaweza kuleta balaa. Nilimfikiria yule bwana wa kofia nikamchukia. Yeye alipigana na watu tisa na kuruka kutoka ghorofani, lakini hakuwa na mama wa mtoto wa kumwambia kwamba amemgonga mwanawe. Waliotengeneza picha walikuwa wamemuua mama mapema ili kumrahisishia kazi.

Fundi alifika mchana, mzee mpole mwenye mfuko wa ngozi. "Mwadila, mayu," alimsalimu bibi kwa Kisukuma, akimwita mama, akakaa kwenye kigoda. Alitoa kijiti cha kubania ulimi na kisu kidogo kilichopinda ncha. Mama alikuwa amekaa mkekani, mikono mapajani, kama mtu aliyekwisha kuambiwa jibu.

"Nani amemzoea?" fundi aliuliza.

"Huyu," bibi akasema, akinionyesha mimi.

"Basi njoo, mwanangu. Shika kichwa. Kisitikisike."

Nikapiga magoti, nikakishika kichwa cha mdogo wangu kwa mikono miwili. Kidole gumba cha kushoto kiliangukia palepale nyuma ya sikio. Uvimbe ulikuwa umebaki kama dengu. Fundi aliingiza kijiti, mtoto akaniangalia mimi, akiwa hana hata nguvu ya kulia.

"Siyo kimeo," nikasema.

"Nyamaza," bibi akasema.

"Siyo kimeo! Hajalala! Mimi ndiye simwachi alale!" Na yote yakatoka kwa mkupuo, lambo, debe, kofi, kule kuzunguka, maksai, kumfinya usiku, huku nimeng'ang'ania kile kichwa na kamasi linanitoka. Nikamshika mama kidole, nikakipeleka nyuma ya sikio apapase.

Mama alipapasa. Akapapasa tena.

"Kimeo nimekiona kwa macho yangu," bibi akasema. "Mtu hatolewi mbali aje azuiwe na maneno ya kitoto. Fundi, endelea."

Mama hakuwa amewahi kumjibu mama mkwe wake. Siku ile alimtoa mtoto mikononi mwangu, akampakata kifuani, akainama kwa adabu mpaka paji likakaribia chini. "Nisamehe, mayu. Mtoto huyu hakatwi leo."

Fundi akafuta kisu chake kwenye paja, wala hakukasirika. "Kama ni usingizi, kisu changu hakitibu usingizi," alisema, akaomba maji ya kunywa, kisha akaenda zake. Bibi alitugeuzia mgongo, akaingia ndani.

Tulibaki watatu mkekani, kwenye kivuli cha ukuta. Mama alimpa mtoto titi. Hakunyonya hata mara kumi; macho yalifumba, kichwa kikaanguka. Mkono wangu ukaruka wenyewe kumfinya, mama akaukamata.

"Ni usiku wa kwanza tu," alisema. "Aliyepita usiku wa kwanza amepita."

"Ni kweli, mayu?"

Niliutazama uso wake nikajua kwamba naye hana hakika, kwamba ameokota jambo alilowahi kusikia mahali, na amelichagua kwa sababu lazima achague. Hofu niliyokuwa nayo peke yangu siku nne sasa ilikuwa yetu sote wawili, na haikupungua hata chembe kwa kugawanywa.

Mtoto alilala. Kivuli kilihama, tukauvuta mkeka pamoja naye. Mama aliweka kidole chini ya pua ya mtoto, akakitoa, akakirudisha. Mbuzi walirudi na hatukuwafungia. Kuna wakati pumzi ilikuwa ndogo mno, mama akamtaja kwa jina la yule wa kwanza aliyekufa, kisha akajiuma mdomo. Hakunitazama hata mara moja. Nilitamani anipige. Fimbo ilikuwa pale pale ukutani, ningeweza hata kumletea mwenyewe.

Jua lilikuwa linazama mtoto alipokunja mguu. Kisha akakunja uso, akajinyoosha, akapiga kelele ya njaa, ile kelele yake ya zamani ya kibabe, na akalikamata titi kama mtu anayedai haki yake. Mama alilia mpaka mabega yakatikisika. Mimi nilicheka, nikalia, nikamshika mdogo wangu unyayo, nikausugua shavuni. Sijawahi kufurahi vile tena, hata siku ya kuzaa wa kwangu.

Kesho yake alfajiri nilisikia mama akitafuta jembe, nikaamka mbio. Nilikwenda mlangoni, nikasimama mbele yake, nikainama, mgongo ukiwa tayari. Mtoto aliponiona alinitupia mikono. Mama akakunjua mbeleko, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akakaza fundo mara mbili. Akatwaa jembe, akanipita.