Rupia ya Mpagazi na Majivu ya Wifi

Adhuhuri imepita mjini Baraka, na Siti binti Assani hajainua uso tangu aliposhika kazi. Ametandika mkeka mlangoni panapoingia mwanga. Mbele yake, juu ya kitambaa, ipo rupia moja ya fedha, rupia ya Wadachi, yaani Wajerumani, nyeusi kama kitako cha sufuria. Katikati ina doa la kijani.

Anachovya pamba kwenye mafuta ya mawese yenye uvuguvugu, analigusisha doa, anasubiri lilainike. Kisha anashika mwiba wa mndimu na kulichokoa kidogo kidogo, pumzi ameibana.

"Hapa hapana kusugua," anasema, mwiba bado mkononi. "Ukisugua, umeiua."

Siti alianza na sarafu za maharusi, zile zinazotungwa mkufuni na kuvaliwa siku ya harusi. Hizo husuguliwa kwa majivu na ndimu hadi ziwe nyeupe pe, kwa sababu bibi harusi mwenye fedha chafu atasemwa yeye na mama yake. Halafu wakaanza kuja watu wa namna nyingine, wakusanyaji wa sarafu za kale. Hawa wanataka doa litoke na weusi ubaki.

"Mara ya kwanza nilicheka," anasema. "Nikasema, muntu gani huyu analeta kitu chafu, anataka nimurudishie chafu?"

Kwa sarafu moja hulipwa faranga chache, zinazotosha chumvi na sabuni. Lakini jina lake limepanda hadi Fizi, na ndilo lililomleta Anatole, karani wa ofisi huko milimani, ambaye ana kopo zima la sarafu za zamani.

Rupia hii ndiyo ya kwanza aliyoileta kutoka kopo hilo. Baba yake Anatole alikuwa mpagazi katika vita ya Wadachi. Alirudi nayo kutoka Tabora ameishonea ndani ya mkaba wake, mkanda wa kiunoni, na mkaba huo hakuuvua mpaka siku alipozikwa.

"Weusi hii ni jasho ya baba yangu," Anatole alimwambia Siti alipoiacha. "Doa utoe, maana inakula fedha. Weusi usiiguse, Mama Siti. Sina kitu ingine yake."

Leo alasiri anashuka na lori kuichukua.

Doa linaachia. Siti anashusha pumzi ndefu, anaiacha rupia juu ya kitambaa, pembeni ya bakuli la sarafu za harusi, kisha anatoka nyuma ya nyumba kutawadha na kuswali.

Ndani ya nyumba yupo mgeni. Ni Kulthumu, dada mkubwa wa mume wake, aliyefika asubuhi kutoka Swima. Huyo hawezi kukaa mikono mitupu kwa mdogo wake. Ameshafagia, ameshachambua mchele, na sasa macho yake yanatua kwenye sarafu moja nyeusi iliyosahauliwa kando ya zilizo safi. Majivu yapo, ndimu zipo. Anaiokota na kuisugua kwa nguvu.

Siti anaporudi, Kulthumu anamwinulia rupia kwa furaha, upande mmoja unameremeta.

"Angalia, wifi! Hii ulisahau. Nimetoa buchafu yote, imebakia upande mumoja tu!"

Loo! Siti anaizuia kelele iliyomjia, kwa kuwa wifi mkubwa hakaripiwi, tena amefanya kwa roho nzuri. Ananyoosha mikono.

"Asante, wifi. Basi, leta."

Ipo njia ya kujiokoa, na anaijua. Yai la kuchemsha likipondwa na kufungiwa pamoja na fedha ndani ya kopo, fedha inageuka nyeusi kwa muda mfupi. Anateleka maji, anatumbukiza yai, macho hayatoki barabarani. Yai linaiva. Analimenya, anafunua kopo, na hapo mkono unagoma.

"Nilijiuliza," anasimulia baadaye, "hii weusi itakuwa ya nani? Ya kuku?"

Analitia yai chumvi na kumpa Kulthumu ale.

Honi ya lori inalia. Anatole anaingia, shati limejaa vumbi, uso umechangamka.

"Yambo, Mama Siti. Doa imetoka?"

"Imetoka," Siti anasema, na kumpa rupia kwa mikono miwili. "Lakini geuza, uone."

Anatole anageuza. Tabasamu linakufa.

"Nani amefanya hivi?"

"Imefanyika kwa nyumba yangu. Uniulize mimi."

Nyuma yao Kulthumu anaacha kutafuna. Anaweka yai chini na kusogea mbele.

"Hapana, mwanangu. Ni mimi. Nilifikiria ni buchafu."

Anatole anatoka na kusimama uani, amewapa mgongo, rupia kaifumbata. Dereva anapiga honi tena. Siti anajua kwamba Anatole akipanda lori lile bila neno, kufikia kesho Fizi nzima itakuwa imesikia, na yeye hatapata tena mteja wa kumwamini. Kulthumu analia kimya, kanga mdomoni.

Anatole anarudi, macho mekundu.

"Mama Siti, unajua kushona?"

"Najua."

"Basi unishonee rupia hii ndani ya mukaba. Upande ule mweupe uangalie tumbo yangu. Jasho ya baba iko upande mumoja. Ule mungine nitatia yangu."

Siti anashona pale pale, Kulthumu amemshikia kitambaa. Habari za kopo la sarafu nyingine Anatole hakugusia, na Siti hakuthubutu kuuliza.

Siku hizi akienda kuswali huifunga sarafu ya mtu kwenye pindo la kanga. Anaomba jambo moja tu, umri wa kutosha wa kuuona ule mkaba ukirudi mlangoni pake.

"Nitaufungua mimi mwenyewe," anasema. "Nikikuta doa, nitaitoa. Nikikuta ule upande umekuwa mweusi, nitamuita wifi aje aone."