Ndugu za Mvuvi wa Gazetini

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kitabu chake cha katuni, chenye rangi za kupendeza, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu pale mjini Baraka, kando ya ziwa. Shangazi alikuwa amekaa kando ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliowaanika, akinisomea gazeti la misheni. Humo mlikuwa na mvuvi wa kuchorwa aliyependwa na mtaa mzima, na siku hiyo dhoruba ilimkuta ziwani. Kwetu hakuna aliyevua peke yake, kwa hiyo katika zile picha niliona wanaume wengi wanaofanana, mmoja katika kila picha, nikadhani ni ndugu.

“Shangazi, juu ya nini bandugu yake habamusaidie?”

“Ni yeye mumoja tu, mutoto wangu. Iko peke yake.”

Nikalia. Shangazi akaanza upya, polepole, nami nikamsindikiza mvuvi picha kwa picha mpaka ufukoni.