Picha ya Shela Ukumbini

Mkuu wetu mpya alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka bara. Alipotuhamishia ofisi ya maboti kwenye jengo jipya la Mokowe, alisema ukumbi wa wageni hautaki maua wala vikapu. Alitaka picha za vita, za hukuhuku Lamu. Kazi ya kuchagua akatupa sisi wawili: mimi mtu wa Siyu, na shoga yangu wa Lamu mjini, ambaye nimekula naye sahani moja tangu nianze kazi.

Mchoraji alituonyesha picha mbili. Moja ilikuwa ngome ya Siyu na mizinga yake. Ya pili ilikuwa vita vya Shela, pale watu wa kisiwa chetu cha Pate waliposhindwa na Waamu, watu wa Lamu, wakakimbilia majahazi yao wakakuta maji yamekupwa. Waamu hawajaisahau siku hiyo. Kila Ijumaa nikifunga mkoba kwenda kwetu, shoga yangu huniambia, "Wahi, maji yasije yakapwa!" Nami hucheka. Utani ni utani.

Lakini maneno hupita, picha hukaa ukutani. Nilimwomba tuchague ngome, akakubali, tena akasema, "Babako ataona raha." Alijua. Babangu, mshona makubadhi, hakuwa amekanyaga ofisini kwangu hata mara moja; aliona nimeikimbia Siyu nikawatumikie wengine. Nikampigia simu: njoo, baba, mwanao ndiye aliyechagua. Kumwagiza mchoraji nikamwachia shoga yangu.

Siku ya ufunguzi baba alikuja na makubadhi mapya yanayonukia ngozi, akayavua mlangoni kwa kuonea haya vigae. Mkuu akavuta kitambaa. Shela! Wazee wetu wamezama topeni mpaka magotini, wanasukuma majahazi yasiyosogea.

"Utani tu, shoga," shoga yangu alininong'oneza. "Na mkuu ataka vita, hataki ukuta mtupu wa ngome."

Baba aliisogelea picha, akaitazama kwa muda.

"Ndiyo hii ulotagua, mwanangu?"

"Siyo, baba. Wallahi si mimi."

"Si ulinambia ni wewe?"

Nikamgeukia shoga yangu. Angesema tu, "Ni mimi, Bwana," yakaisha. Alimsogezea baba sahani ya halua, akamwambia karibu. Miaka yote ile ya kula pamoja, na neno moja likamshinda! Niliumia kuliko nilivyoumia kwa ile picha.

Baba hakuigusa halua. Alirudi mlangoni akavaa makubadhi yake polepole. Mkondo wa kwetu Siyu boti haziingii ila maji yakijaa, kwa hiyo akaniaga vile anavyoaga siku zote, bila kujua kitu.

"Nende zangu, mwanangu. Maji yasiye yakapwa."

Nyuma yangu, shoga yangu akaangua kicheko.