Jaji Analia Mara Mbili

Mume wangu aliwahi kuwa jaji. Jaji wa kwenye runinga, tafadhali, si wa mahakamani. Kila Jumapili aliwapa watu vifungo vya maisha, na majirani waliacha vyombo kwenye karai wakaja kumtazama. Mchezo ulipokatishwa, jina la Jaji likabaki, kazi ikayeyuka. Siku hizi anatangaza dawa ya kunguni kwenye gari la vipaza sauti, kofia ameivuta hadi machoni. Mtu akimwita "Jaji", anaivua upesi ili aonekane vizuri. Ndiye niliyeolewa naye, nifanyeje.

Mdogo wake alipofariki, mama mkwe alikuwa kitandani, nyonga imevunjika, daktari amemkataza hata kukaa. Alimshika mume wangu mkono akamwomba jambo moja tu: amrekodie mazishi kwa simu, amwone mwanawe akishushwa, naye amuage. Mume wangu akaapa. Nilikuwepo, nimeshika beseni la kumwoshea miguu.

Makaburini akampa simu dereva wa gari la maiti. Nikadhani mikono inamtetemeka, maskini. Kumbe anamnong'oneza asimame upande gani ili jua lisimharibie uso. Jeneza lilipoanza kushuka, akapiga magoti akalia kilio ambacho hata mimi, ninayevijua vilio vyake vyote, kilinitoa machozi. Walipomaliza kulishusha, dereva akasema samahani, mzee, sikuwa nimebonyeza.

Mtu mwenye haya angeachia hapo. Mume wangu alijipangusa magoti, akawaomba wachimba kaburi wasubiri kidogo na makoleo yao, akarudi alipoanzia. Akalia upya, neno kwa neno, na safari hii akaongeza kuitupa miwani. Shemeji, yaani mjane mwenyewe, alimtazama mwanzo hadi mwisho, macho makavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na pale ilikuwa imeshapasuka tayari.

Hatujafika hata nyumbani, video iko mtandaoni. Watu wakaandika kwamba Jaji bado yumo, Jaji hajachuja. Wiki haikuisha, mtayarishaji wa filamu akampigia: anatafuta mtu wa kuigiza baba aliyefiwa. Mume wangu alizunguka sebule nzima na simu sikioni, sauti ya mahakamani imemrudia. Nilipomwambia naona aibu kutoka nje, alisema nina roho mbaya, simtakii mema. Labda ninayo, lakini nilikuwa naona aibu kweli, hata dukani nilikuwa natuma mtu.

Mama mkwe naye akaanza kuulizia video yake. Leo mume wangu anasingizia chaji, kesho bando, keshokutwa eti simu ina virusi. Mwishowe shemeji akachoka. Aliomba simu yangu, akaitafuta ile video, akaiweka mbele ya mama mkwe wetu.

"Mtazame, mama," akasema, kisha akatoka nje.

Mama mkwe alitazama hadi mwisho, akaomba irudiwe. Mara ya pili alipitisha kidole kwenye kioo, polepole, akikisukuma pembeni, kama anayemsogeza mtu aliyemziba asione. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Namjua. Hata pale, kuna kipande cha moyo wake kilichokuwa kinangoja sifa, na nikaona aibu kwa kumjua hivyo.

"Wewe nimekuona, mwanangu," mama yake akamwambia. "Umelia vizuri. Sasa nioneshe mdogo wako."

Mume wangu aliichukua simu akaanza kupekua, uso ameukunja, kama mtu anayejua kabisa kwamba kuna video nyingine mahali fulani. Mama mkwe akaigeuza shingo vizuri juu ya mto, akangoja.