Mparachichi wa Mama na Mbwa Wangu

Mimi na mdomo wangu! Nilisoma kwenye simu kwamba parachichi linaua mbwa, basi nikawa profesa. Nilikuwa nakwenda Sakania kuuza vitenge, na mbwa wangu ilibidi abaki kwa mama, mtaani Kamalondo, kwenye uwanja wenye mparachichi mkubwa. Mti huo ndio uliotulea sisi watoto wa mama. Asubuhi mkate na avoka, ndivyo tuitavyo parachichi, jioni avoka na chumvi.

"Mama, huu mti ukatwe," nikasema. Hata haya sikuona.

Mama akautazama mti, kisha akanitazama mimi. "Muti ukatwe juu ya imbwa? Sababu ya imbwa tu?"

"Basi asile avoka hata moja, atakufa. Na usimfunge kamba, analia sana."

"Nimesikia, mama," akajibu. Ndivyo anavyoniita mimi bintiye, tangu nikiwa mdogo.

Kila nilipopata mtandao kule Sakania nilimpigia. Mbwa yuko sawa? Amekunywa maji? Hajagusa avoka? "Iko muzima," alinijibu, huku anahema. Nikadhani ametoka sokoni.

Siku ya kurudi, jirani alinikuta langoni na hata salamu hakunipa. "Umefika? Afadhali. Mama yako hakwenda misa juu ya ile imbwa yako."

Nikaingia. Yoo, mama yangu! Alikuwa amepiga magoti chini ya mti, anapapasa majani, anaokota avoka zilizoanguka na kuzitia kwenye beseni. Mbwa wangu alikuwa amelala kwenye mkeka wa mama, kivulini, amenenepa.

"Mama, unafanya nini?"

"Iko inaanguka kila saa. Nikienda misa, nani ataokota?"

Kwa aibu nilimpigia daktari wa mifugo pale pale, nikitaka aniambie angalau kwamba kazi ile haikuwa ya bure. Akacheka. Nyama ya avoka ikiwa kidogo haiui mbwa, alisema, ingawa nyingi inaweza kumfanya aharishe. Cha kuogopa ni kokwa, maana akilimeza linaziba matumbo. Okoteni makokwa, basi. Mti uacheni.

Simu yangu ina sauti kubwa, mama alisikia yote. Nilisubiri anitukane. Natamani angenitukana! Yeye akafurahi. "Kumbe haifi!" Akapasua avoka, akatupa kokwa kwenye beseni, akamrushia mbwa kipande kidogo.

Kisha akaninyooshea mkono nimwinue. Hakuinuka. Goti la kushoto lilikuwa limevimba, amelifunga kwa kipande cha kitenge, tena kitenge nilichomletea mimi mwenyewe.

"Mama! Goti linauma tangu lini?"

"Tangu ulienda."

"Na kwenye simu hukuniambia?"

Akaegemea bega langu, akapangusa majani kwenye nguo yake, wala hakuwa na hasira.

"Weye ulikuwa unauliza imbwa tu, mama."