Shangazi Turkiya Aidhinisha Chanjo

Katika mtaa wetu hapa Pangani hakuna kitu kinachoingia kinywani mwa mtoto kabla Shangazi Turkiya hajakionja. Sijui nani alimpa kazi hiyo. Siku moja nilimwuliza, akanijibu, "Nani aliyempa jogoo kazi ya kuwika?" Mpaka leo bado nawaza: kweli, nani?

Huyu ni dada yake baba. Anapika halua uani kwetu, kwenye sufuria ambalo mimi naweza kuingia nikajikunja nikalala. Halua haitoki mpaka aibonyeze kwa kidole gumba. Ikigandia kidoleni, bado. Isipogandia, anaonja, anafumba macho, anasema, "Imeiva," na hapo ndipo watu wanaruhusiwa kupumua. Mtindo huo ameuhamishia kwenye kila kitu. Dawa ya kikohozi huonja. Uji wa mtoto wa jirani huonja. Hata mafuta ya kumsugulia mtoto kifuani aliwahi kuonja, akashinda kutwa anapumua kwa mdomo.

Ilipokuja chanjo ya korona, watu mtaani walikuwa wanaogopa. Shangazi akatangulia peke yake, akachanjwa, akaja kukaa barazani mkono wazi ili atazamwe. Watu walikuja kama wanaokwenda kumwona mgonjwa, ila mgonjwa mwenyewe alikuwa anakula kaimati. Ati tulisikia ukichanjwa unavuta chuma, basi mimi nikamwekea kijiko begani. Kikaanguka ndani ya kikombe chake cha kahawa. "Haya, mmeona," akasema. "Imeiva." Wiki ile mtaa mzima ukaenda kuchanjwa.

Kwa hiyo wataalamu wanaweza kuidhinisha wanavyotaka huko waliko. Kwetu idhini ni ya Shangazi.

Sasa tabu ilianza na chanjo ya surua ya watoto walio chini ya miaka mitano. Surua ilikuwa imeingia mtaa wa pili, na mdogo wangu Rahaf, mwenye miaka miwili, anapenda kubusu kila mtu na kila mbuzi. Mama hakulala vizuri. Alitaka Rahaf achanjwe, lakini baba yuko Maskati kazini, na kwenye simu alisema neno moja tu: "Dada akikubali, mimi sina neno."

Nesi Praxeda akaja siku ya mwisho ya chanjo na kikasha chake cha baridi, akapewa kiti barazani kwetu. Ikifika alasiri alitakiwa avuke kwa kivuko kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Kina mama wakajaa na watoto wao, lakini hakuna aliyemkunja mtoto wake mkono wa nguo. Wote walikuwa wanamtazama Shangazi.

"Shikamoo, mama," nesi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nianze mimi." Shangazi akapandisha mkono wa gauni.

"Mama, hii ni ya watoto wadogo."

"Najua. Mimi naonja tu."

"Haionjwi!"

"Sasa nitajuaje? Hii nani kaiidhinisha?"

Nesi akavuta pumzi. Ni mtu wa Lushoto, mpole. Akaeleza kwamba chanjo hujaribiwa kwanza. Akasema hata ya korona, huko nje walianza na watu wazima, kisha watoto wakubwa, wakashuka taratibu mpaka kwa wadogo kabisa, kila hatua wanatazama kwanza.

"Wakubwa kwanza, ndipo wadogo?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi wameniiga mimi." Akageukia kina mama. "Mmesikia? Wameniiga!" Halafu akamrudia nesi. "Lakini mimi sikuwaona wakionja. Nataka kumwona mtoto aliyechanjwa hii hii. Nimbonyeze."

Mama akamvuta pembeni. "Wifi, nakuomba, nesi anaondoka. Mtoto akipata surua je?"

"Khadija, halua ya haraka huungua."

"Rahaf si halua, wifi!"

Nesi akasema mwanawe Edgar, aliyekuwa na miaka mitatu, alichanjwa juzi, na yuko pale nyuma kwa Bi Mwanasiti, mama mwenye nyumba wake. Kabla hajamaliza Shangazi ameshachukua kipande cha halua, ameshanishika mkono, tumeshatoka.

Kwa Bi Mwanasiti mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu mzima. Uani tulimkuta mtoto wa kiume, kavaa fulana tu, anamkimbiza kuku kwa kandambili.

"Wewe ndiye Edgar?" Shangazi akauliza, halua mkononi.

Mtoto akaitazama halua, akatikisa kichwa kukubali. Ungemwuliza kama yeye ni mkuu wa wilaya angekubali pia.

Shangazi akachuchumaa. Akamnusa utosi. Akamtazama ulimi. Nikamwuliza unatafuta nini, akasema nisimchanganye. Mwisho akambonyeza shavu kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyobonyeza sufuriani. Shavu likarudi.

"Haigandi," akaninong'oneza.

Hapo mtoto akageuza kichwa akakikamata kile kidole kwa meno yote aliyojaliwa. Shangazi aliruka, kuku akaruka, mimi nikakaa chini kwa kucheka. Alipoachiwa, kidole kilikuwa kimekuwa chekundu na halua haipo.

"Ana nguvu," Shangazi akasema akikipuliza. "Wallahi ana nguvu. Imeiva."

Tuliporudi barazani akatangaza, kidole juu. Kina mama wakapiga vigelegele, foleni ikapangika, na Rahaf akawa wa kwanza. Mama alikuwa ameshamkunja mkono wa gauni. Ndipo Bi Mwanasiti akatokea kwenye kona, amebeba mtoto mgongoni.

"Nesi, huyu mwanao nilikwenda naye dukani, kalala."

Shangazi akaduwaa. "Huyo ndiye nani?"

"Edgar."

"Na yule aliyeniuma uani kwako?"

"Kakuuma? Ah, huyo mjukuu wangu Yaqoub. Samahani, dada, ana mazoea."

"Naye kachanjwa?"

"Bado. Nilikuwa nakungoja wewe uidhinishe."

Mama mmoja akaanza kumfunga mwanawe kanga aondoke. Mwingine akasema, "Basi hii haijaonjwa." Nesi akatazama saa. Mama yangu alimshika Rahaf kifuani, macho yamemjaa machozi, akasema polepole, "Wifi. Sema neno."

Shangazi akamtazama mama. Akamtazama Edgar, shavu limelala begani kwa Bi Mwanasiti, mate yanamtoka kwa raha. Akatazama kidole chake.

"Nyie hamwoni?" akapaza sauti. "Aliyechanjwa huyu hapa, ametulia kama maji mtungini. Asiyechanjwa nusura ale kidole changu! Mnataka ushahidi gani tena?"

"Mama, chanjo haihusiani na kuuma," nesi akasema.

"Nyamaza, nesi, nakusaidia."

"Lakini si kweli, mama."

"Kweli yako umeshaieleza vizuri, wakubwa kwanza, wadogo baadaye, nimekubali. Hii ya kuuma ni kwa ajili ya hawa." Akaketi, akampokea Rahaf mapajani, akafumba macho. "Choma. Na wewe, Mwanasiti, kamlete yule mamba!"

Kina mama wakacheka, yule mwenye kanga akaifungua tena. Mimi nilikuwa nimeshika simu ya mama, nimeambiwa nipige picha ya kumtumia baba. Nesi akasema, "Bismillahi," sijui alijifunza wapi, akachoma.

Aliyepiga kelele ni Shangazi. Ilikuwa kelele ya kusikika Bweni. Watoto wote wa foleni wakaangua kilio kwa pamoja. Rahaf peke yake hakulia. Aligeuka akamtazama shangazi yake usoni kwa mshangao, akampapasa shavu, akambusu.

Picha nikaituma hivyo hivyo: Rahaf anacheka, Shangazi mdomo wazi, machozi yanamtiririka, kidole juu.

Baba akajibu papo hapo kutoka Maskati: "Alhamdulillah. Sasa hapa aliyechomwa ni nani?"